Ombi la Kondoo wa Kufundishia Historia

Shule ya Sekondari ya Kutwa,
Nsuatreso.
Mei, 2020.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa Wilaya,

YAH: KONDOO MMOJA (AU ZAIDI) KWA SOMO LA HISTORIA, KIDATO CHA TATU

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, barakoa na subira. Sisi huku hatujambo. Shule imefungwa, popo wamejiandikisha maabara, na mlinzi wetu amepanda mihogo golini, tena upande wa wageni.

Tangu ulipotuagiza tufundishe kwa simu kwa sababu ya korona, nimetii bila kinyongo. Nimefungua kundi la WhatsApp la historia, nimenunua bando kwa mshahara wangu, na kila asubuhi nimejifungia chumbani nikiusimulia mtaala ndani ya simu hadi koo linakauka. Leo nakuandikia nikiwa nimenyamazishwa. Baraza la chifu limeamuru sauti yangu isisikike katika ua wowote wa Nsuatreso mpaka nitoe kondoo. Watahiniwa wangu wana mtihani wa mwisho mbele yao, sehemu kubwa ya mtaala haijaguswa, na mimi nimekaa naitazama simu kama mtu aliyeachwa na mchumba.

Kwa kuwa kosa lenyewe nilitenda nikiwa kazini, nikisoma kitabu mlichonipa ninyi, naomba kwa heshima kondoo huyo atolewe na ofisi yako. Sikukosea kwa niaba yangu. Nilikosea kwa niaba ya mtaala. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili msaidizi wako asipotee njiani.

1. Wanafunzi wasio wanafunzi.

Ulipotuagiza tuwafuate wanafunzi majumbani, hukutuambia kwamba majumbani kuna watu. Mwanafunzi wa huku hana simu. Simu ni ya mama yake. Kwa hiyo katika daftari langu la mahudhurio wamo "Nyanya Mbivu za Serwah", "Bwana Ndiye Vipuri Vyangu", na mtu mmoja anayejiita "Usinipigie Usiku". Nikimwuliza Nyanya Mbivu swali, simjui anayejibu. Insha moja juu ya biashara ya dhahabu ilinijia na bei za vitunguu katikati.

Isitoshe, simu hizi hazisikiki vizuri, hivyo watu wa hapa wamegundua kinu. Wanakipindua, wanaiweka simu juu yake katikati ya ua, na sauti yangu inatoka nene kama ya mchungaji. Mwanafunzi anakaa karibu, shangazi anachambua mboga, mjomba ananyoa ndevu, na wote wanasoma kidato cha tatu.

Mkuu wa wanafunzi hawa haramu ni Nana Dufie, bibi yake Ama Sarpomaa. Ama ndiye mwanafunzi wangu bora. Bibi huyu hakukosa kipindi hata kimoja. Alikuwa ananitumia maagizo kwa sauti, kundi zima likisikia: "Mwalimu, mbona unaongea kama unafukuzwa na nyuki? Rudia hapo pa mwisho, nilikuwa nafukuza kuku." Nami nilirudia, Ndugu Mkurugenzi, kwa bando langu. Siku nilipochelewa kidogo kwa sababu umeme ulikatika, alisema, "Mwalimu wetu Mfante bado yuko mezani. Mwacheni amalize, Mfante hakatizwi kula."

Mimi kweli ni Mfante, mtu wa Cape Coast, na napenda kula. Sioni linahusiana vipi na somo.

2. Mto.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa Keta na umeletwa wilaya hii kama nilivyoletwa mimi, huenda nawe hukuambiwa. Kila mji wa huku una kiapo chake, na kiapo hicho ni msiba wao: mahali walipoangamia watu wao zamani, pamoja na siku yenyewe ya juma. Mahali peke yake si kosa. Siku peke yake si kosa, ingekuwa vigumu kupanga soko. Lakini ukivitamka viwili hivyo kwa pamoja, waziwazi, umeapa mbele ya wafu wa mji, na kama huna kesi ya kupeleka kwa chifu, unatoa kondoo. Watu wenyewe wakilazimika kulitaja jambo hilo husema tu "mto ule na siku ile", tena kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo nitaandika kwa uangalifu. Mto unaitwa Ankonsu. Siku sitaitaja. Nimeamua mto na siku visikutane ndani ya barua hii, maana nimeonywa kwamba karatasi nayo ina masikio.

Basi asubuhi moja, baada ya uji, nilifika kwenye ukurasa wa vita. Nikausoma kama ulivyo: jina la mto, jina la siku, na kwamba chifu wa Nsuatreso alizama hapo pamoja na vijana wake wakijaribu kuvuka. Nikabonyeza. Sauti ikaondoka, ikatua kwenye vinu vyote vya mji kwa mpigo mmoja.

Nimesimuliwa yaliyotokea kwa Nana Dufie. Mtwangaji wa fufu aliuacha mchi hewani, na fufu ya ua mzima siku hiyo ikawa na madonge. Nana Dufie hakujua kuizima simu, kwa hiyo aliifunika kwa sufuria. Nikaendelea kufundisha ndani ya sufuria mpaka sababu za vita zikaisha, nikatoa na kazi ya nyumbani. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda moja kwa moja kwa Okyeame Bonsra, msemaji wa chifu, akanishtaki.

3. Hesabu ya kondoo.

Niliitwa barazani. Viti viliwekwa mbalimbali kwa ajili ya ugonjwa, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kila kitu kwa taratibu zenu. Okyeame Bonsra aliongoza kesi akiwa na barakoa, ila alikuwa anaishusha kila alipotaka kunisema vibaya, kwa hiyo sikumwona nayo sana.

Nilijieleza kwamba ni kitabu kilichosema, mimi nilisoma tu. Okyeame akashusha barakoa. "Kitabu kina mdomo? Kilete hapa kikae kwenye kiti, tukihoji." Kisha akaongeza, akiwageukia wazee: "Na kati ya watu wote wa kutusomea habari ile, ni Mfante. Nyie si ndio mlikuwa ng'ambo ile ya mto?" Wazee wakacheka sana. Kwa mujibu wa kitabu hicho hicho, ni kweli.

Ndipo mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, akazua jambo ambalo hata wewe na shahada zako usingelimaliza. Aliuliza: sauti ya mwalimu ilitamka mara moja, au ilitamka kila iliposikilizwa? Kama ni kila iliposikilizwa, kondoo ni wangapi? Na je, aliyeituma sauti hiyo mbele, kwa dada yake, kwa kwaya, kwa kundi la wauza mitumba, ameapa yeye au nimeapa mimi? Ikaonekana kwamba wengi walikuwa wameituma, kila mmoja akiandika chini yake, "Jamani sikieni alichosema mwalimu." Walikuwa wananishtaki, wakawa washirika wangu. Kila mzee akapapasa simu yake mfukoni.

Mbaya zaidi, sauti ilikuwa imefika Hamburg, kwa wana wa Nsuatreso walioko kule. Nao walifanya kikao chao kwa video, wakaniona nina hatia, wakaomba kondoo wao achinjwe huku, kwani kule ukichinja uani jirani anaita polisi.

Mwishowe chifu mwenyewe alimnong'oneza Okyeame, na Okyeame akatangaza: mdomo ulikuwa mmoja, kondoo awe mmoja. Mpaka atolewe, simu yoyote yenye sauti ya mwalimu isifunguliwe. Fundi cherehani hakuridhika. Nasikia bado anapiga hesabu.

4. Wanafunzi walionificha.

Hili linaniuma kuliko yote. Nimefundisha ukurasa huo hapa miaka sita. Kila mwaka, nikiufikia tu, darasa zima linaomba ruhusa ya kutoka. Mmoja tumbo, mwingine pua inatoka damu, mwingine ameitwa na mwalimu wa hesabu ambaye siku hiyo hayupo. Mimi nilikuwa namalizia ukurasa nikiwasomea madawati, nikidhani vita haviwavutii. Kumbe walikuwa wananisitiri. Kwa heshima yote waliondoka ili pasiwe na mtu wa kushuhudia kwamba mwalimu wao ameapa.

Na katika majaribio, kila walipoulizwa chifu alizama wapi na lini, waliandika "mto ule, siku ile". Nami niliwapa sufuri, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Taja! Kuwa mahususi!" Naomba ifahamike kwamba nilifanya hivyo kwa kufuata mwongozo wa usahihishaji.

5. Mifugo itakayohitajika.

Baada ya kesi nilikaa chini na mtaala wote, nikitafuta kondoo wengine waliojificha humo. Ndugu Mkurugenzi, mtaala wetu ni zizi. Kila mji ulio kati ya hapa na Kumasi una mto wake au kichaka chake na siku yake. Siwezi kuwafikisha wanafunzi kwenye uhuru bila kupita kwenye vifo vya watu wa mtu. Kwa hiyo napendekeza kondoo waingizwe rasmi kwenye orodha ya vifaa vya kufundishia, baada ya chaki na kabla ya ramani. Shule yenye somo la historia ipewe kundi dogo, mchungaji mwenye cheti cha ualimu, na mkaguzi anayejua mifugo. Wizara ikiona ni gharama, wakati wa likizo kondoo wanaweza kukodishwa kwa somo la biolojia.

Kama hilo haliwezekani, tufundishe tu yale ambayo hayakumwumiza mtu yeyote. Nimeyatafuta. Nilipata kuja kwa kakao. Nikampelekea Okyeame salamu kuuliza kama kakao ni salama, akajibu: "Kakao sawa, ila usitaje shamba la Asuogya, lile lina kesi."

6. Vifaa vya masikioni.

Nimefikiria pia kila mwanafunzi apewe vya kuweka masikioni, asikie peke yake, na mabibi wabaki na kuku wao. Habari hizo zilimfikia Nana Dufie kabla sijazimaliza kichwani. Jibu lake: "Somo gani hilo la kufichwa masikioni? Mtoto akifundishwa jambo ambalo bibi yake hatakiwi kulisikia, hilo si shule." Nimeliandika hapa ili uone ninavyoteseka.

Kwa hayo yote, ninaomba mambo mawili: kondoo, na barua yenye muhuri inayokataza mtu yeyote aliyemaliza meno yake kuhudhuria vipindi vya kidato cha tatu. Niseme wazi, nimeumia. Siku ya juma ni siku ya juma, na mto ni maji. Watu waliokufa kabla ya bibi wa mabibi kuzaliwa hawawezi kusimamisha maandalizi ya mtihani. Kama wafu wanasoma, basi walipe ada.

Nitafika ofisini kwako Alhamisi ijayo kupokea majibu na, Mungu akijalia, kondoo. Kamba nitakuja nayo.

Nisalimie makarani wote, yule mama wa masjala aliyepoteza faili langu na yule aliyelipata, dereva, na mke wako na watoto. Mwambie mlinzi wa getini kwamba ile mihogo aliyoniomba, sasa tunayo, iko golini.

Wako katika chaki isiyotumika,

Kobina Essilfie,
Mwalimu wa Historia.

N.B. Barua hii imekaa mezani siku kadhaa kwa kuwa gari la kwenda wilayani halikuja, na humo katikati mambo yamebadilika. Naituma hivyo hivyo, maana karatasi za shule zimekwisha na nyongeza hii haina mahali pengine pa kuandikwa.

Kwanza, mke wangu Araba ameisoma. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Ekua," akasema, "huku juu umeutaja mto, huku chini umeweka siku. Kwenu mna kondoo wangapi?" Ni kweli. Vimekutana. Tafadhali chukua kalamu ufute kimoja, wewe mwenyewe uchague, na kama msaidizi wako amekwisha kukusomea kwa sauti, basi mimi na wewe tuna mazungumzo.

Pili, Araba huyo huyo, kwenye bomba la maji, alimwambia Nana Dufie kwamba nimeomba kondoo serikalini. Jioni nikapata ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mwalimu, ni mimi. Naambiwa unaomba kondoo kwa serikali. Sasa mwanangu, serikali ilifiwa na nani pale mtoni? Bibi yangu aliyenilea, mama yake alibakiwa na nguo moja ya kaka yake. Akawa anailalia mpaka anazeeka, hataki ifuliwe. Mimi sikukushtaki kwa sababu umesema. Nilikushtaki kwa sababu ulisema kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Na kondoo si faini, nani kakudanganya? Umewaamsha watu waliolala. Mtu akimwamsha mwenzake kwa bahati mbaya, si anamwambia pole? Basi kondoo ndiyo pole yenyewe. Sasa na pole nayo unataka kuazima? Haya, fanya haraka. Huyu Ama hasomi, ananimalizia bando kutazama watu wanaocheza."

Ndugu Mkurugenzi, usilete kondoo. Wa serikali hafai. Nimempata mwenyewe, na nilimpeleka kwa miguu yangu, ingawa yeye ya kwake aligoma kuitumia. Mji mzima ulitoka kutuangalia. "Mwalimu, huyo ndiye somo la leo?" "Mwalimu, huyo kondoo ana bando?" Wanafunzi wangu, ambao sikuwa nimewaona kwa macho tangu Machi, walikuja na barakoa zao kumsukuma kwa nyuma, Ama akiwa mbele akimvuta kwa majani.

Okyeame Bonsra alimimina kinywaji chini, akawaita waliozama mmoja mmoja kwa majina. Kitabu kilisema "vijana wake". Walikuwa na majina. Mwisho akamimina tone moja pembeni, akaniangalia, akasema kwa upole, "Na hawa ni wa kwenu, wa ng'ambo ile. Nao hawakurudi wote." Nilikuwa nimejiandaa kuona ni upuuzi. Barakoa yangu ililoa, na wala haikuwa jasho.

Tatu, kwa hiyo, naondoa maombi yote mawili ya hapo juu na kuweka moja badala yake. Waandikie watahini. Mtahiniwa kutoka Nsuatreso akiandika kwamba chifu alizama katika mto ule, siku ile, apewe alama zake zote. Hakuna jibu mahususi zaidi ya hilo, na watoto hawa wasifelishwe kwa sababu ya adabu yao. Mimi nilishawafelisha vya kutosha.

Jana niliruhusiwa kufundisha tena. Nilianza ukurasa ule upya, taratibu, kwa sababu najua nani anasikiliza. Nikaeleza chanzo cha vita, nikaeleza safari, nikawafikisha ukingoni. Sentensi ilikuwa mbele yangu, imechapwa vizuri. Nikakohoa. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema ndani ya simu kwamba naomba ruhusa nitoke kidogo.

Nilikaa nje kibarazani kwa muda. Niliporudi nilikuta ujumbe mmoja tu, wa Nana Dufie, kwa niaba ya darasa zima: "Ruhusa umepewa, mwalimu. Tupo, tunakusubiri."